Kwa anayeanza kuvua mkunga wa mtoni

Kila mkunga utakayemvua mtoni, awe wa futi moja au wa mita moja na nusu, hajawahi kuzaa. Samaki huyu huzaliwa baharini, huingia mtoni akiwa mchanga, hukaa miaka mingi kwenye maji baridi akila na kunenepa, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Nakuomba ulishike hilo kabla hujanunua hata ndoana moja. Karibu yote nitakayokueleza hapa, tangu aina ya ndoana mpaka gunia la kubebea, yanatoka hapo.

Nazungumzia hasa mito yetu inayoingia Bahari ya Hindi: Sabaki, Tana, Pangani, Rufiji, Ruvuma. Ukivua Ziwa Victoria au Tanganyika, mkunga huyu hutampata. Huko wako samaki wengine wembamba wenye miiba mgongoni ambao watu huwafananisha naye, lakini si jamaa zake na hawaendi baharini. Wa kwetu wako wa aina nne. Wawili wana mabaka mwili mzima, nao ndio wanaokuwa wakubwa sana: Anguilla marmorata na Anguilla bengalensis. Wawili ni wa rangi moja, kahawia au kijani cha mzeituni: Anguilla mossambica na Anguilla bicolor. Hawa wawili utawatofautisha kwa pezi la mgongoni. Kwa bicolor linaanzia nyuma kabisa, karibu juu ya tundu la haja. Kwa mossambica linaanzia mbele zaidi. Watafiti wanaamini kwamba wote huzaa mbali huko, mashariki ya Madagascar, na vifaranga huletwa pwani yetu na mkondo wa bahari wakiwa bapa na wazi kama jani la kioo.

Jifunze kumtambua usije ukamchanganya na wengine. Kambare ana sharubu, mkunga hana. Kamongo wa Tana ana mapezi manne membamba kama nyuzi. Mkunga ana mapezi mawili tu ya ubavuni, nyuma ya matamvua, na pezi moja refu lililounganisha mgongo, mkia na tumbo. Mkunga wa baharini, yule wa kwenye miamba, hana hata hayo mawili ya ubavuni. Na nyoka hana pezi lolote. Usiku, kwa mwanga wa tochi, tazama ubavuni nyuma ya kichwa kabla hujanyoosha mkono.

Sasa mahali pa kumtafuta. Mchana mkunga amelala. Yuko chini ya mizizi ya mkuyu iliyoning'inia majini, kwenye mashimo ya ukingo, kati ya mawe makubwa, chini ya gogo lililozama, kwenye nguzo za daraja. Mgeni hutupa mshipi katikati ya mto kwa sababu ndiko kunakoonekana kuna maji mengi. Wewe tupa karibu na ukingo. Usiku mkunga hutoka na kutambaa kando ya ukingo akinusa, kwa hiyo chambo kilicholala hatua mbili kutoka kwenye mizizi kina nafasi kubwa kuliko kilichotupwa mbali kwa nguvu. Mifereji ya umwagiliaji nayo usiidharau, hasa pale maji yanapopita kwenye kalvati au lango la zege.

Wakati mzuri ni giza linapoingia, tangu saa moja mpaka saa nne hivi usiku. Usiku usio na mbalamwezi ni bora. Mto ukianza kupanda baada ya mvua na maji yakawa ya tope, mikunga hutembea sana, hata kabla jua halijazama. Maji yakiwa maangavu na mwezi umejaa, nakushauri ulale.

Kuvua usiku kwenye mito hii kuna mamba na viboko, na hapa sitaki mzaha. Mlango wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, una viboko. Tana na Rufiji zina mamba wakubwa. Usisimame majini. Usichutame kwenye ukingo wa chini wenye mchanga laini, hata kama wenyeji wanachota maji hapo mchana. Tafuta ukingo wa juu, kaa hatua kadhaa nyuma ya maji, na uende na mwenzako. Usimpasue samaki wala kunawa damu pale unapovulia. Njia ya viboko utaijua kwa majani yaliyolala na kinyesi kilichotawanyika. Usiweke vitu vyako juu yake wala kuketi kati yake na mto. Ukifika kijiji usichokizoea, anza na wazee. Toa shikamoo, uliza mamba ameonekana wapi, uliza nani anasimamia uvuvi hapo, uliza leseni. Mzee anayekaa kando ya mto ule anajua mashimo ambayo wewe utayatafuta kwa miaka. Na Galana, yaani Sabaki huo huo sehemu ya juu, ndani ya Tsavo Mashariki, ni mali ya hifadhi. Usiingie na mshipi bila ruhusa.

Tuje kwenye vifaa. Nailoni ya milimita 0.40 hivi inatosha kwa mkunga wa kawaida. Kipande cha mwisho kiwe kinene zaidi, 0.60, kwa sababu meno yake ni madogo lakini ni mengi, na husaga mshipi taratibu kama tupa. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, liwe na tundu katikati ili mshipi upite ndani yake bila kukwama. Mkunga akishika chambo akahisi uzito unamvuta, anakiacha. Penye mizizi mingi, lifunge chubwi kwa kipande kifupi cha uzi dhaifu pembeni ya mshipi, ili likinasa likatike peke yake na samaki abaki kwako.

Ndoana chagua imara, ya saizi ya kati, na ukibane kile kijino cha nyuma ya ncha kwa koleo mpaka kilale. Wageni wengi hubisha hapa. Wanasema samaki atachomoka. Mshipi ukiwa umekaza hachomoki, na ukitaka kumrudisha mtoni utaitoa ndoana bila kumchana. Ndoana za chuma cha pua siwashauri, maana ikibaki ndani ya samaki haiozi upesi.

Chambo bora ni kile kinachopatikana palepale. Kaa wa mtoni ni chakula chake kikubwa kwenye mito yetu, hasa sehemu zenye mawe. Mvunje gamba, mfunge kwa uzi. Nyungunyungu wanne au watano kwenye ndoana moja wanafanya kazi vizuri maji yakiwa ya tope. Kipande cha perege, au kamba wa mto, navyo ni vizuri. Kiwe kibichi. Kuna dhana kwamba mkunga anapenda uvundo. Mimi siikubali, na wavuvi ninaowaheshimu hawaikubali pia. Anachopenda ni harufu inayotoka, kwa hiyo toboatoboa samaki wa chambo ili damu itiririke. Pua yake ni kali ajabu kuliko macho yake. Ukijaza taa mafuta halafu ukashika chambo, au ukijipaka dawa ya mbu viganjani, umejiharibia usiku wako. Paka dawa kwa nyuma ya mkono, na viganja uvisugue kwa udongo wa hapohapo ukingoni.

Mshipi ukishatulia, usiuache ukaenda kulala. Hili ndilo nataka ulichukue kuliko mengine yote. Mkunga humeza. Mwanzoni utahisi amedonoa mara mbili tatu, kisha ametulia, kisha mshipi unaanza kwenda polepole. Hapo unapoanza kwenda, vuta. Ukimwachia dakika moja zaidi kwa kutaka uhakika, ndoana itakuwa tumboni, na samaki huyo hutaweza tena kumrudisha akiwa mzima. Ndiyo maana siipendi mishipi ya kulaza, ile mtu anaifunga kwenye mti jioni na kurudi asubuhi. Najua kuna nyumba zinazokula kwa mishipi hiyo, nami sitamlaumu baba anayelisha watoto. Lakini wewe unayejifunza, mwenye nafasi ya kukaa na mshipi mkononi, kaa nao.

Akishanasa, dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Atarudi nyuma kuelekea shimoni, na akishazungusha mkia kwenye mzizi hutamtoa kwa nguvu. Mwinue kutoka chini mara moja, usimpe mshipi. Kama ameshajifunga, legeza kabisa, subiri kidogo. Mara nyingi hujifungua mwenyewe akidhani ameachiliwa, na hapo ndipo unapomvuta kwa pembe nyingine.

Amefika ukingoni, usimbamize chini wala usimshike kwa mchanga. Ute ule ndio ngozi yake ya pili. Ukiufuta wote anaambukizwa maradhi. Tandika gunia lililoloweshwa maji, mlaze juu yake, mgeuze chali kwenye mfinyo wa gunia. Akilala chali mara nyingi hutulia vya kutosha ukatoa ndoana. Ikiwa ameimeza, usichokoe. Kata mshipi karibu na mdomo kadiri unavyoweza. Na kama unamweka, mtie kwenye gunia bichi, ulifunge mdomo. Ndoo wazi haimzuii hata kidogo. Atapanda na kutokea juu, na kwenye majani yenye umande anajua kurudi mtoni.

Nani wa kuweka na nani wa kurudisha? Nitakuambia ninavyofanya mimi. Wadogo nawarudisha, hilo halina mjadala. Wakubwa sana nawarudisha pia, na hapo ndipo watu hunishangaa. Mkunga mkubwa mtoni kwa kawaida ni jike, amekaa kwenye maji baridi miaka 10, 15 au zaidi, na amebeba mamilioni ya mayai yajayo ambayo hajayataga hata moja. Wa katikati, mmoja kwa mlo wa nyumbani, huyo nachukua.

Kuna mkunga mmoja ambaye ningependa kila mvuvi amjue kwa macho. Wakati wake wa kurudi baharini ukifika, hubadilika: macho yanakuwa makubwa, mgongo unakuwa mweusi, tumbo linang'aa weupe wa fedha, mapezi ya ubavuni yanarefuka. Anaacha kula, hata utumbo unasinyaa, kwa hiyo kwenye ndoana ni nadra kumpata. Anayempata ni mwenye mgono, ule mtego wa kusukwa kama kikapu. Hushuka usiku wa giza mto ukifurika, na mgono uliotegwa mdomo ukitazama juu ya mto unamkusanya kirahisi. Nyakati za masika na vuli, mafuriko yakianza, inua mgono wako, au uugeuze. Ukimkuta ndani mwenye macho makubwa na tumbo la fedha, mwachie usiku uleule. Huyo amemaliza kila kitu isipokuwa safari.

Safari yenyewe imekuwa ngumu. Mkunga mchanga hupanda miamba yenye unyevu, hivyo maporomoko hayamshindi kirahisi, lakini ukuta wa bwawa ni jambo jingine. Tana ina mabwawa matano yaliyopangana, la kwanza Kindaruma la mwaka 1968, na Masinga lililokamilika mwaka 1981 likiwa juu kabisa. Pangani ina Nyumba ya Mungu, na chini yake Hale. Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere. Anayeshuka akipitia kwenye mitambo ya umeme hukatwakatwa, na kadiri alivyo mrefu ndivyo anavyokuwa hatarini. Kwa mvuvi maana yake ni hii: mikunga wakubwa wanaobaki juu ya mabwawa huenda wasipate wa kuwarithi, kwa hiyo ukivua huko juu, rudisha wote.

Ukichukua wa kula, mpige kichwani kwanza afe haraka. Ute hutoka kwa majivu au chumvi. Damu yake mbichi ina sumu. Isiingie machoni wala kwenye kidonda, nawa vizuri, na umpike mpaka aive kabisa, kwani moto huiua sumu hiyo. Nyama yake ina mafuta mengi, ndiyo maana kubanikwa juu ya makaa kunamfaa kuliko kukaangwa. Wako watakaokataa kula kwa sababu anafanana na nyoka. Usimlazimishe mtu.

La mwisho linahusu watoto wa mkunga, wale wembamba wanaong'aa kama kioo wanaoingia kwenye milango ya mito. Mashamba ya kufugia mikunga huko Asia hutegemea watoto waliovuliwa porini, kwa sababu kuwazalisha kwa wingi kwenye mabwawa kumekuwa kugumu sana. Mkunga wa Ulaya amepungua mno hata akawekewa udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 2009, na Umoja wa Ulaya ukafunga usafirishaji wake nje mwaka uliofuata. Uingereza kwenyewe, anayevua kwa fimbo anatakiwa kumrudisha kila mkunga majini. Mahitaji hayakwisha kwa hilo. Wanunuzi hutafuta aina nyingine kwenye mito mingine. Akija mtu kwenye mlango wa mto wenu anataka kununua hao wadogo kwa kilo, kwa bei itakayokushangaza, usimchukulie kama mteja wa kawaida. Andika namba ya gari, uliza anawapeleka wapi, na siku hiyohiyo mjulishe mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi na afisa uvuvi.