Siku kumi kwa msuli wa paja? Bado mapema
Swali ni kama winga aliyeumia msuli wa nyuma ya paja siku 10 zilizopita ataanza Jumamosi. Jeraha la daraja la kwanza, yaani dogo, huchukua wiki 1 hadi 3 kupona. La pili, nyuzi zikichanika kiasi, hesabu wiki 4 hadi 8. Kuna video inayomwonyesha akikimbia taratibu, lakini haisemi kitu, maana msuli huu mara nyingi huchanika mtu anapofyatuka kwa kasi yote. Ulizia kama ameshafanya mazoezi kamili na wenzake, mbio za kasi zikiwemo, angalau mara 2 au 3. La sivyo ni benchi, labda dakika 20 za mwisho. Natabiri 1-1: asipoanza, beki wa kulia wa wapinzani atapanda kushambulia bila wasiwasi.