Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Hekalu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi tunamshukuru Mungu kwamba wewe na wajukuu mko salama huko Dodoma. Umeniuliza kama ni kweli, kama alivyofundisha mhubiri katika ushirika wenu, kwamba Bwana hatarudi mpaka hekalu la tatu, baada ya yale mawili yaliyobomolewa, lijengwe Yerusalemu, na kwamba wale mitamba watano wekundu waliopelekwa Israeli kutoka Texas mwaka 2022, ambao majivu yao yanatazamiwa kutumika kwa utakaso, ni dalili ya kuwa kazi hiyo imekaribia. Umesema pia kwamba mchango unakusanywa kwa ajili ya kazi hiyo, nawe hujui kama utoe au usitoe.

Umelelewa katika nyumba yenye Jumamosi ya baba yako, Msabato, na Jumapili yangu, kwa hiyo unajua kwamba katika ukoo wetu habari ya hekalu si ngeni. Ila hujawahi kusimuliwa vizuri yaliyotokea Nassa siku watu wa Majita walipokuja kwa ajili ya mahari yangu, kwa sababu baba yako hapendi lizungumzwe.

Unakikumbuka kitambaa cha marekani alichokuwa nacho babu yako wa Nassa, yaani baba yangu, alichokichora mwenyewe kwa wino na rangi alipokuwa chuo cha Biblia. Majuma 70 ya unabii wa Danieli 9 aliyapanga kwenye mstari mmoja, kila siku ikihesabiwa kuwa mwaka: majuma 69 tangu amri ya kuujenga upya Yerusalemu hadi Masihi; kisha pengo lisilo na rangi, lenye upana wa kiganja, ambalo ndilo wakati wa Kanisa; kisha juma la mwisho, yaani miaka saba ya dhiki, na katikati yake hekalu dogo jekundu ambamo Mpinga Kristo angeketi baada ya kuvunja agano na kukomesha dhabihu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundisha maisha yake yote.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mazungumzo ya ng'ombe yalikwisha kwa amani, na babu yako wa Nassa, kwa furaha ya kupata mkwe anayesoma Maandiko, akakitandaza kitambaa chake mezani. Babu yako wa Majita alikifuata kwa kidole polepole, juma kwa juma, mpaka kidole kikafika kwenye lile pengo kikasimama. Akauliza kwa upole, "Mzee mwenzangu, hapa pameandikwa wapi?" Baba yangu hakujibu. Alimtazama tu, kisha yeye akauliza, "Na 1844 imeandikwa wapi?" Kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo linanichoma, kwamba watu ambao imani yao ilitoka kwa wale waliomngoja Bwana tarehe 22 Oktoba mwaka huo, naye asije, wasije nyumbani kwake kumfundisha hesabu. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la sato, nikamwona mkwe wangu mtarajiwa akifunga Biblia yake na kuifunga kamba, maana jalada lilikuwa limeachia.

Angeondoka saa ile ile, lakini jua lilikuwa linazama, na kwake Sabato ilikuwa inaingia. Ikabidi alale katika nyumba alimotukanwa imani yake, na kesho yake ashinde humo humo. Asubuhi ya Jumamosi aliketi chini ya mwembe akisoma peke yake. Babu yako wa Nassa hakuomba radhi, na yule mwingine hakudai radhi. Lakini vijana walipochukua shoka kwenda kupasua kuni, baba yangu aliwazuia. Mama alipotaka kutwanga, alimwambia kinu kingoje. Yeye mwenyewe, ambaye hakuna Jumamosi aliyokosa kwenda shambani, siku ile alikaa nyumbani mpaka jioni, na chakula kilicholiwa kilikuwa kile kilichopikwa jana yake. Hakuna aliyesema neno lolote kuhusu jambo hilo. Jumapili alfajiri mgeni aliondoka kwenda kungoja basi la Musoma, na mahari ikabaki imekubaliwa. Wazee wale waliheshimiana mpaka walipofariki, ila sikuwasikia tena wakifungua Danieli pamoja, na hilo linaniuma kuliko lile tusi.

Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, nami narudia: soma sura nzima. Wazee wote wawili walianza Danieli 9 kwenye mstari wa 24, na mhubiri wenu, kwa jinsi ulivyoniandikia, naye alianzia hapo hapo. Lakini sehemu kubwa ya sura ile ni sala. Hekalu la Sulemani lilikuwa limebomolewa na Wababeli tangu mwaka 586 kabla ya Kristo, na Danieli amevaa nguo za magunia, anafunga, anaungama dhambi za watu wake kana kwamba ni zake, anamwomba Mungu apaangalie patakatifu palipo ukiwa. Hesabu ya majuma ililetwa kwa mtu aliyekuwa bado analia. Siwezi kukubali kwamba tunaweza kuichukua ile hesabu na kuiacha ile sala.

Najua utasema sijajibu swali, kwa hiyo nitajaribu. Mwalimu mwenzangu Mkatoliki, yule jirani yetu wa pale Bugando, alizoea kusema kwamba Bwana alipotabiri kuwa halitasalia jiwe juu ya jiwe, alinena habari za hekalu lililosimama mbele ya macho ya wanafunzi, nalo liliteketezwa na jeshi la Tito mwaka 70. Luka 21 inataja wazi Yerusalemu kuzungukwa na majeshi, na Mathayo 24 inasema kizazi kile hakitapita kabla ya hayo kutimia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Paulo anawaandikia Wathesalonike kuhusu mtu wa kuasi atakayeketi katika hekalu la Mungu, na askofu Ireneo, katika karne ya pili, wakati hekalu lilikuwa limekwisha kuwa magofu, bado alielewa kwamba ni hekalu la Yerusalemu. Wengine, akiwemo Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, walielewa kwamba ni Kanisa lenyewe, na Paulo huyo huyo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ndio hekalu la Mungu.

Mimi nikisoma Waebrania 10, kwamba pakiwapo ondoleo la dhambi hapana tena toleo kwa ajili ya dhambi, moyo wangu unakataa kabisa kuchangia madhabahu ya damu ya wanyama. Kisha nakumbuka kwamba katika Matendo 21 Paulo aliingia hekaluni, miaka mingi baada ya msalaba, kwa ajili ya sadaka za watu waliokuwa na nadhiri. Nakumbuka pia Ezekieli, sura ya 40 hadi ya 48, anavyoonyeshwa mtu akipima malango na vyumba kwa mwanzi, na najiuliza kama mtu hupima hivyo kitu ambacho hakitajengwa. Halafu nafika Ufunuo 21, ambapo Yohana anauona mji mtakatifu na kusema hakuona hekalu ndani yake, kwa maana Bwana Mungu Mwenyezi na Mwana-kondoo ndio hekalu lake, na hapo narudi nilikoanza. Ninao upande wangu, mwanangu, na ulimi unaniwasha kuutaja. Lakini nikiutaja, mmoja wa babu zako atakuwa ameshindwa kwa mkono wangu, nami ni binti wa mmoja na mkwe wa mwingine.

Kuhusu mchango ninasema bila kusitasita: usitoe kwa hofu. Mwambie mhubiri, kwa adabu, asome nanyi Hesabu 19 yote, ili washirika waone kwamba majivu ya mtamba mwekundu yalikuwa ya kuwatakasa waliogusa maiti, kisha awaonyeshe ni mstari gani unaomwagiza Mkristo wa Dodoma agharimie jambo hilo. Akiuonyesha, uniandikie.

Baba yako amesoma mpaka hapa na hakuridhika. Anasema nimempunja baba yake, na anataka uelezwe kwamba ukianza na amri ya Artashasta katika Ezra 7, mwaka 457 kabla ya Kristo, majuma 69 yanafika mwaka 27, alipobatizwa Bwana, na juma la 70 linafuata papo hapo bila pengo lolote. Nimemjibu kama baba yangu angemjibu, kwamba mstari wa 26 unaweka kubomolewa kwa mji na patakatifu baada ya majuma yale na kabla ya kutajwa juma la mwisho, na kubomolewa huko kulitokea mwaka 70. Ana jibu la hilo pia, na ni refu. Nimemwomba akuandikie mwenyewe, nayo barua yake utaipata wiki ijayo.

Mama yako