Ndoa ipo, karatasi ndo hazipo

SWALI: Shikamoo dada. Naomba unisaidie maana usingizi sina. Niko Marekani, mume wangu ni raia wa huku, tulioana nikapata grinikadi ile ya miaka miwili na sasa imebaki miezi minne iishe. Nimesoma fomu I-751, ile ya kuomba kuondolewa masharti ya miaka miwili ili ukaazi uwe wa kudumu, nikaona wanataka ushahidi kwamba tunaishi kama mke na mume, nikafungua droo nikakuta cheti cha ndoa na picha za harusi, basi. Mkataba wa nyumba una jina lake tu maana alipanga kabla hatujaoana, benki kila mtu na akaunti yake, watoto hatujajaliwa, ye anaendesha lori anaweza kuondoka wiki tatu, mi nahudumia wazee usiku. Afu mwaka wa kwanza mtu aliyemjazia fomu ya kodi ya mapato alimwandika kama hana mke, na ye akasaini bila kusoma. Shoga yangu ananiambia tufungue akaunti ya pamoja fasta tuhamishie hela humo na tupige picha nyingi tukibadilisha nguo. Nifanye hivyo?
Mke wa Dereva

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hilo la kubadilisha nguo liache leo leo. Ndoa ya kutafutia makaratasi huku ina kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na ninyi ndoa yenu si ya hivyo, sasa kwa nini mjifananishe na wenye ndoa za hivyo?

Hiyo kadi ya miaka miwili inatokana na sheria ya 1986, wanaipewa wale ambao siku wanapopewa ukaazi ndoa yao haijafikisha miaka miwili. Fomu mnaijaza wote wawili, mnasaini wote, na mnaituma ndani ya zile siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Ukituma mapema kuliko hapo wanairudisha, ukiacha mpaka muda upite ukaazi wenyewe unakufa na unaweza kujikuta kwa jaji. Kwa hiyo we una kama mwezi mmoja wa kukusanya kabla dirisha halijafunguka, na hapo ndo shoga yako amekosea hesabu, maana wanachotaka kuona ni maisha tangu siku ya ndoa mpaka leo, siyo wiki tano za mwisho.

Mi mwenyewe zamani nilienda na albamu ya harusi nzito kama tofali, nimeifunika na kitambaa. Ofisa akafunua kurasa tatu hivi, akaifunga taratibu, akaniuliza bili ya umeme inakuja kwa jina la nani. Nikabaki nimekodoa macho. Bili ilikuwa nyumbani juu ya friji, imebanwa na sumaku, ina majina yetu wote, na mi sikuwa hata nimefikiria kuibeba!

Kwa hiyo achana na droo, kazunguke nyumba. Barua zote zilizokuja kwa anwani hiyo zikiwa na jina lako: benki, hospitali, kazini, leseni yako ya udereva. Weka za kwako na za kwake za miezi ile ile, anwani moja, hapo tayari mtu anaona watu wawili wanalala nyumba moja. Mwenye nyumba muombe akuongeze kwenye mkataba unaokuja, na kwa miaka iliyopita akuandikie barua kwamba unaishi hapo tangu tarehe fulani. Bima ya gari, nina uhakika umeandikwa humo kama dereva wa pili. Bima ya afya, kama umo kwenye ya kazini kwake au ye yumo kwenye yako, printi ukurasa wenye majina yote. Mfuko wa pensheni wa kazini kwako, umemwandika nani arithi ukifa? Na ile fomu ya mtu wa kupigiwa simu ukipata ajali? Watu wanaidharau lakini hebu fikiria, uliijaza siku ya kwanza kazini, hakuna uhamiaji wala nani aliyekusimamia, ukaandika jina la mumeo. Kaombe kopi.

Hela sasa. Akaunti mbalimbali si dhambi, wapo wengi tu wanaishi hivyo. Ila hela zenu lazima zinakutana mahali. Kama we unamtumia nusu ya kodi ya nyumba kila mwezi, chukua stetimenti za pande zote mbili, weka alama kwenye mstari ule ule, kwako zimetoka tarehe 3 kwake zimeingia tarehe 3, mwezi baada ya mwezi. Hiyo kwangu ina nguvu kuliko akaunti ya pamoja yenye wiki mbili na dola mia mbili zilizolala. Kufungua ya pamoja fungueni tu kama kweli mtaitumia, lakini tarehe ya kufunguliwa inaonekana, msitegemee iwabebe.

Kodi ya serikali hiyo ndo inanitia wasiwasi kuliko vyote, maana mtu aliyekuwa kwenye ndoa tarehe 31 Desemba haruhusiwi kujaza kama hana mwenzi, na ofisa akiiona lazima aulize. Inarekebishika. Kuna fomu 1040-X ya kurekebisha kodi iliyokwisha kujazwa, mnaweza kubadilisha mkajaza pamoja, ila kuna ukomo wa miaka mitatu kwa hiyo msikae nayo. Mtafute mjaza kodi mwingine, rekebisheni, kisha ambatisha kopi ya marekebisho na maelezo mafupi ya kilichotokea. Usiifiche. Miaka mingine mliyojaza pamoja pakueni transkripti, yaani muhtasari wa fomu mlizojaza, kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni bure.

Safari za lori wala zisikutishe. Andika barua ya ukurasa mmoja kwamba mume ni dereva, anatoka hivi anarudi hivi, weka barua ya mwajiri wake. Hapa ndo skrinshoti zinapata kazi, chache tu, zenye tarehe, ile ya "umefika wapi", ile ya "gesi imeisha nimeshaagiza". Usimtumie ofisa kurasa mia nne za mapenzi, hatazisoma na mwisho ni wewe utakayeona aibu.

Viapo vya mashahidi, tafuta angalau wawili wanaowajua wote wawili tangu ulipopata kadi. Waandike jina kamili, anwani, tarehe na mahali walipozaliwa, wanahusianaje nanyi na wamejuaje. Shahidi akiandika "ni wanandoa wema wanaopendana" hajasema kitu. Akiandika "mimi ni jirani, Januari theluji ilipoziba gari nilimwona mumewe saa kumi na mbili asubuhi anaichimbua ili mkewe aliyekuwa anarudi kazini apate pa kuegesha", hapo kuna mtu ameona kwa macho yake. Ila viapo ni vya kusindikiza, havisimami peke yake.

Panga kwa aina na kwa tarehe, stetimenti za kila baada ya miezi mitatu zinatosha, tuma kopi na mwenyewe ubaki na kopi ya kila kitu. Wakipokea watakutumia risiti inayoongeza muda wa kadi yako, tangu 2023 wanaongeza miezi 48, itunze na kadi yako usiitupe. Wakiridhika wanaweza hata wasiwaite kwenye usaili. Wakiomba ushahidi zaidi jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua yao. Na kwa sababu ya hilo la kodi, mngelipia saa moja ya wakili wa uhamiaji apitie faili kabla halijatumwa.

SWALI: Dada, cheti chetu cha ndoa kiko kwa Kiswahili na kiapo cha mama mkwe pia. Hawa wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, nimesikia wanataka mtafsiri wa serikali, kweli?
Baba Pacha

JIBU: Hapana kaka. Mtu yeyote anayezimudu lugha zote mbili anaweza kutafsiri, ila lazima iwe nzima, mpaka maneno ya muhuri, na mwisho aandike kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye anao uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza, asaini, aweke jina, anwani na tarehe. Mi ningekushauri asiwe wewe wala mkeo. Na tafsiri isiende peke yake, ibane pamoja na kopi ya cheti chenyewe cha Kiswahili.