Picha pana kutoka Usambara: anza na kilicho karibu

Wengi wakifika Irente, karibu na Lushoto mjini, huzungusha simu kutoka kushoto hadi kulia mpaka ikome yenyewe. Kinachotoka ni utepe mrefu: anga, ukungu wa samawati, na mashamba ya mkonge ya Mazinde yamegeuka michirizi. Ule mteremko uliowakata pumzi haumo. Upana peke yake hauonyeshi kimo. Jicho linataka kitu cha karibu ndipo lijue bonde limezama kiasi gani, kwa hiyo mimi hutafuta kwanza ncha ya mwamba au kichaka cha ukingoni, kisha ndiyo natazama mbali.

Ila kitu cha karibu huleta kazi. Ukigeuza kiwiliwili huku umeshika kamera, lenzi nayo inasafiri, na mwamba unahama mbele ya nyika iliyo nyuma yake. Programu inayounganisha picha kadhaa kuwa picha pana moja haitajua iufuate mwamba au nyika. Jaribu kwa kidole: fumba jicho moja, kiinue mbele yako, ugeuze kichwa. Kimehama, sivyo? Basi kamera izunguke pale lenzi ilipo, si kiunoni mwako. Tripodi iliyosawazishwa vizuri inasaidia sana. Bila hiyo, hamisha miguu kidogokidogo kuizunguka kamera.

Piga kamera ikiwa wima, kila picha irudie theluthi moja ya iliyotangulia. Weka mwanga, fokasi na rangi kwa mkono kabla ya kuanza, visibadilike, la sivyo anga litatoka na mabaka. Kichujio cha kukoleza anga kiache mfukoni: kwenye picha pana hukoleza upande mmoja tu.

Ukingo huu wa Usambara Magharibi umeelekea machweo. Alfajiri kivuli cha mlima hulala juu ya tambarare, hivyo subiri kiondoke. Jioni maumbo hujitokeza vizuri, lakini malizia picha kabla hujalifikia jua. Siku ninazozithamini kuliko zote ni zile baada ya mvua kukatika, vumbi likiwa limetulia.

Na watu je? Milima hii inalimwa, na picha isiyo na matuta ya mashamba wala njia za miguu inaficha nusu ya habari. Msalimie mkulima, mweleze unachofanya, umwombe ruhusa. Akikubali, anza na picha yake, awe mzima ndani ya fremu moja. Akiangukia penye maungio atatoka na mikono mitatu, na huo si utu kumfanyia mtu aliyekukaribisha shambani kwake.

Milima husamehe kuliko majengo. Pale Forodhani, Unguja, ukiunganisha Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kuta zilizonyooka zitapinda kama upinde. Usipige ukiwa ndani ya boti inayokwenda. Rudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, piga fremu chache, kisha kwenye Hugin, programu ya bure, chagua mpangilio unaonyoosha mistari. Picha ikizidi upana, huo mpangilio wenyewe utavuta vitu vya pembeni, kwa hiyo kata mapema, hata kama jengo zuri linabaki nje.