MUULIZE FUNDI: Flobodi za kromu zinang'aa, ila kiatu hakiingii kwenye gia

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nipo Columbus, Ohio, kwetu Moshi. Nina Honda Gold Wing GL1800 ya mwaka 2006, nilinunua kwa mzee mmoja aliyeitunza vizuri sana. Shida yangu ni goti, kazi yangu ni lori na nikipanda pikipiki mguu unakaa umekunjika pale pale masaa mawili matatu mpaka nashuka nachechemea. Nikanunua mtandaoni flobodi za kromu za dereva, zile pana za kuweka wayo mzima, zimetumika kidogo na zilikuja bila karatasi ya maelekezo. Wikiendi nikatoa futresti nikafunga zote mbili, zimependeza mpaka majirani wamekuja kuangalia, lakini sasa kiatu hakipiti chini ya leva ya gia, na upande wa kulia nikipumzisha mguu nahisi kama nakanyaga breki kidogo. Gereji moja hapa wameniambia nizoee tu. Mwezi ujao tunaenda Tennessee mimi na mke wangu. Nizoee au nirudishe za zamani? – Baba Neema

JIBU: Baba Neema pole na goti, na hapana, usizoee. Hiyo pikipiki isitoke nje ya geti mpaka tumalize huo upande wa kulia, halafu gia ndo tutakuja kuiongelea, maana gia ikikusumbua utachelewa kubadilisha tu lakini breki ikikusumbua mko wawili juu ya mashine ya zaidi ya kilo 350.

Flobodi watu wanaiona kama urembo kwa sababu ya kromu, lakini kazi yake hasa ni kuhamisha mguu. Futresti ya zamani ilikuwa fimbo moja, kiatu kinakaa juu yake na vidole vinaelea hewani, pedeli ya breki iliwekwa kiwandani kwa hesabu hiyo. Sasa umeweka ubao una unene wake na una mpira juu, wayo umepanda na umesogea, pedeli imebaki pale pale ilipokuwa. Kwa hiyo ukilegeza mguu unailalia bila kujua. Gold Wing yako ina breki zilizounganishwa, ukikanyaga ya mguu inabana nyuma na mbele pia, sio nyuma peke yake kama pikipiki nyingi tulizozoea. Ukiilalia kilomita 100, pedi zinasugua, diski inapata moto, mafuta ya breki yanapanuka kwa joto na kubana zaidi, ikibana zaidi joto linaongezeka, mwisho gurudumu linagoma kuzunguka. Nilishapokea pikipiki ya jamaa mmoja diski ya nyuma imegeuka rangi ya bluu, na yeye alikuja kulalamika petroli inaisha haraka.

Na kuna jambo la pili hapo hapo ambalo sitaki likupite. Honda waliziita Gold Wing za 2001 mpaka 2010 pamoja na za 2012 zirudishwe zikarekebishwe, kwa sababu ya masta silinda ndogo (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ambayo inaweza kufanya breki ya nyuma isiachie hata ukiinua mguu, na ikiendelea hivyo inaweza kushika moto. Yako ya 2006 imo. Chukua namba ya chesisi (ikianza na 1 ujue imeundwa Marekani, na Gold Wing za mwaka 2006 zilikuwa zinatoka kiwanda cha Honda cha Marysville, yaani kilomita kama 50 tu kutoka hapo ulipo), piga simu kwa dila (wakala) yeyote wa Honda waangalie kama kazi ilishafanyika. Kama bado wanafanya bure. Sasa fikiria breki yenye ugonjwa huo halafu juu yake mguu unaoilalia, huwezi kujua lipi ni lipi.

Kupima ni rahisi. Simamisha kwenye stendi ya kati, gia nyutro, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Linatakiwa lizunguke bila kugugumia. Kaa kwenye siti na viatu unavyoendeshea, sio kandambili, weka mguu unavyouwekaga umechoka, mke wako aangalie taa ya breki. Ikiwaka, unakanyaga. Inua mguu kabisa, taa izime na gurudumu lizunguke tena. Kisha kanyaga mpaka mwisho kwa nguvu zako zote uone pedeli haigongi ukingo wa flobodi kabla breki haijabana, hii watu wengi hawaiangalii na ndo mbaya kuliko zote, maana siku ya dharura mguu unafika kwenye ubao na pikipiki inaendelea kwenda.

Dawa yake inategemea ulichonunua. Flobodi nyingi nzuri zina adapta yenye meno unaweza kuizungusha meno mawili matatu ubao ushuke mbele, anza na hiyo. Isipotosha kuna kikanyagio cha breki cha kuongezea kimo kinachofungwa juu ya pedeli iliyopo, tafuta cha GL1800 sio cha "pikipiki zote". Kurekebisha fimbo inayosukuma masta silinda ni njia ya mwisho, na lazima uache ule mwanya mdogo ambao pedeli inacheza kabla haijaanza kusukuma, ukiumaliza umetengeneza breki inayobana muda wote. Kama huna kitabu cha mashine hiyo usiiguse.

Haya, gia. Hapo hakuna kosa ulilofanya, ubao umejaa pale ambapo vidole vilikuwa vinapita. Unahitaji leva ya vidole na kisigino, kama ya Boxer za bodaboda kule nyumbani. Kwa Gold Wing mbele unakanyaga kwa vidole kushuka gia, nyuma unakanyaga kwa kisigino kupanda, na gia namba moja bado iko chini kabisa. Usifuate mazoea ya pikipiki nyingine, fanya mazoezi umepaki kwanza. Ukishaifunga hakikisha sehemu ya kisigino haigusi ubao ikishuka, isije ikawa gia haiingii yote ikaruka ukiwa unaovateki. Upande huo huo fungua na ufunge stendi ya pembeni mara kadhaa, flobodi nyingine zinaziba kile kidude unachosukumia kwa mguu.

Kwenye kufunga sasa. Fremu ya GL1800 ni ya alumini, kwa hiyo bolti ianze kwa vidole mizunguko kadhaa ndo ulete spana, ikikataa itoe uanze upya, uzi wa alumini ukishakatika ni gharama nyingine. Kipimo cha kawaida cha Honda cha nguvu ya kukaza kwa spana ya kipimo, bolti ya milimita 8 ni Nm (nyutoni mita) 22, ya milimita 10 ni Nm 34, hiyo ni pale ambapo kitabu hakijakwambia tofauti. Weka tone la gundi ya nati ile ya bluu, sio nyekundu, nyekundu itakutoa jasho siku ya kufungua. Kotapini, ile pini ya waya inayokunjwa ncha, usirudishe ya zamani iliyokunjwa, weka mpya, ni senti tu. Ukishatembea kilomita 100 hivi zikaze tena zote. Na zile futresti na springi zake funga kwenye mfuko uandike, usitupe.

Tennessee sasa. Kama mnapita ile barabara ya US 129 pale Deals Gap, kona 318 ndani ya maili 11, ujue flobodi inagusa lami mapema kuliko futresti. Lazima ubao ukunje kwenda juu kwa urahisi ukigusa. Usiokunja unaweza kuinyanyua pikipiki tairi ikakosa lami katikati ya kona, nakuomba sana uukunje kwa mkono kabla hujaondoka uone unarudi. Na usiamini kromu ikilowa, kiatu kinateleza kama kwenye sabuni, mpira wa juu uwe umepanda kuliko chuma. Mama Neema yeye hahitaji kitu, siti ya nyuma ya hiyo mashine ilitoka kiwandani na vibao vyake, mkitaka vifanane na vya mbele tafuta kava za kromu.

Ukiona yote haya hayajakamilika mpaka siku ya safari, rudisha futresti na msimame kila saa moja unyooshe mguu.

SWALI: Fundi, nipo Muscat karibu na bahari, nina Harley-Davidson Electra Glide, zile flobodi zake nilizivisha kromu mwaka jana. Zimeanza vidoti vya kahawia. Nipige msasa?

JIBU: Msasa hapana kabisa ndugu yangu! Kromu yenyewe ni nyembamba mno na ina nyufa usizoziona kwa macho, kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, msasa unaondoa vyote viwili. Vidoti vya kahawia maana yake chini kuna chuma na chumvi imeshapenya. Chukua karatasi ya foili ya jikoni, ikunje, chovya kwenye maji, sugua taratibu, foili ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi. Osha kwa maji baridi, futa, paka nta. Baada ya hapo kila ukitoka kuendesha kando ya bahari zimwagie maji yasiyo na chumvi hata kabla hujavua helmeti, na usisahau chini ya ubao, kule ndiko inakoanzia. Ukiona badala ya vidoti kuna vimalengelenge na unga mweupe, chini ni alumini, hapo foili haisaidii, inabidi ivuliwe kromu yote na kuvishwa upya.