Mke wangu Mkorea amekuwa kimya, nimrudishe kwao?

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 31 naishi Kimara, Dar. Nilienda Korea Kusini kusoma miaka miwili, mji wa Daejeon, huko ndo nikampata mke wangu, yeye ana miaka 26, tukafunga ndoa kulekule wazazi wake wakiwepo, mwezi wa nne tukaja nyumbani. Tunaishi na mama yangu na mdogo wangu wa kike. Mwanzoni alikuwa mchangamfu, anamsaidia mama kupika, anajifunza Kiswahili kwenye simu, anaamkia shikamoo mpaka watoto. Sa hivi yapata miezi minne amebadilika. Akimaliza kuosha vyombo anaingia chumbani, chakula anadonoa, mama anasema ana dharau. Saa kumi na moja alfajiri nashtuka kitandani hayupo, namkuta uani ananong'ona Kikorea kwenye simu, nikimuuliza anasema anaongea na mama yake. Mwezi wa tisa kuna siku alilia kutwa nzima. Mimi na foleni ya barabara ya Morogoro nafika nyumbani saa mbili usiku, nikimuuliza ananijibu tu "niko sawa". Hatujagombana. Labda kuna siku walikuja ndugu akawaita mezani akasema "karibuni kura", watu wakacheka sana mjomba akauliza kwani uchaguzi lini, ila ule ulikuwa utani tu. Sisi tunamwita Neema maana jina lake gumu, watoto wa mtaani wanamwita Mchina. Je hanipendi tena? Nimrudishe kwao apumzike?

Mume wa Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye ile "karibuni kura" nakwama hapohapo. Wewe umeipitisha kwa sentensi moja, mimi naona jibu lako limekaa humo.

Kikorea kina herufi moja tu inayobeba sauti yetu ya R na ya L, na ikikaa katikati ya irabu inatoka kama R. Kwa hiyo mkeo anaposema "kura" ulimi wake unafanya kazi uliyoifanya toka anazaliwa, sio kwamba hajui. Na hapa kwetu wangapi wanasema karamu badala ya kalamu na wana degrii? Yule binti alisimama mbele ya ukoo mzima na lugha ya miezi mitatu, akawakaribisha wageni wenu chakula alichopika mwenyewe, meza nzima ikaangua kicheko, na mume wake naye akiwemo (hujaandika kama ulicheka, ila hujaandika kama ulinyamaza pia). Hesabu vizuri mwanangu, miezi minne unayosema kabadilika inaanzia wapi? Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mmempa, vyombo anaosha, ila ulimi wake mmeuchukua.

Afu kuna kitu kingine ambacho naomba mama yako akisikie. Wakorea wana msemo wa zamani kwamba bibi harusi akienda kwa wakwe awe kiziwi miaka mitatu, bubu miaka mitatu, kipofu miaka mitatu. Mabinti wa sasa wanaupinga huo msemo na wana haki, lakini bibi zao waliishi hivyo na harufu yake bado ipo ndani ya nyumba nyingi. Sisi wa pwani tunaujua huu wimbo, makungwi wetu si ndo haohao walituambia ukiona usione ukisikia usisikie. Kwa hiyo kimya anachokiita mama dharau, huenda kwa huyo binti ndo adabu ya mwisho aliyobaki nayo. Mimi niliolewa Tanga nikitokea Bukoba, nchi moja, lugha moja, na bado mwaka wa kwanza nilikuwa nalia bafuni maji yakiwa yanamwagika ili wasisikie, nimekumbuka hayo nikisoma habari za mkeo kule uani.

Na hiyo simu ya alfajiri inakutisha bure. Korea wako mbele yetu masaa sita. Saa kumi na moja alfajiri ya Kimara, kwao ni saa tano asubuhi, mama yake kashamaliza kazi zake za asubuhi na anaweza kukaa na simu. Wewe ukifika saa mbili usiku, kule ni saa nane usiku, mama wa watu amelala. Sasa ulitaka aongee naye saa ngapi? Anaamka saa ambayo nyumba nzima imelala na hakuna wa kumcheka, anaongea lugha ambayo anajua kila neno lake. Mnunulie bando la maana, mwambie aongee sebuleni kwa sauti, na wewe Jumapili amka naye umsalimie mama mkwe wako, Kikorea cha miaka miwili unacho.

Siku aliyolia mwezi wa tisa, wewe uliyeishi Daejeon ndo ulitakiwa uniambie mimi, sio mimi nikwambie wewe. Chuseok, ile sikukuu yao kubwa ya mavuno, inaangukia mwezi wa nane tarehe 15 kwa kalenda ya mwandamo, yaani kwetu inakuja mwezi wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi. Watu wote wanarudi kwao, wanawakumbuka marehemu wao, wanakaa pamoja kufinyanga vile vikeki vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Angalia kalenda. Kama ndo siku yenyewe, basi ni sawa na wewe ukae Daejeon siku ya Idi au Krismasi na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni sikukuu.

Sasa jina. Mwanamke wa Kikorea akiolewa habadili jina la ukoo wake, anabaki nalo mpaka kufa. Na hao watu walitawaliwa na Japani toka 1910 mpaka 1945, na mwaka 1940 ukaja utaratibu wa kuwabana wachukue majina ya Kijapani, kwa hiyo kunyang'anywa jina kwao ni jeraha la taifa zima. Sisemi Neema ni jina baya, pengine analipenda, ila kuna aliyemuuliza? Muulize mkiwa wawili tu. Akisema anataka lake, kaa na mama na mdogo wako uwafundishe taratibu, silabi mbili tatu haziwezi kuwashinda watu wanaotamka Mwaikambo na Rwegasira. Na watoto wa mtaani wewe baba mwenye nyumba unatoka nje unawaambia shangazi yenu anaitwa hivi, sio Mchina.

Chakula sasa. Wali wetu una mafuta, chumvi, mara nazi, wao wali wao ni mweupe mtupu unaoshikana. Mwache apike sufuria yake ndogo pembeni, mama asione kama kakataliwa. Kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, anaweza kutengeneza hata na kabichi yetu ya duara au figili, ni chumvi, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili, mtungi ukae uchachuke. Afu dagaa. Wakorea ni watu wa dagaa wakavu sana, wanachemshia supu, wanakaanga na sosi ya soya na sukari kidogo. Jumamosi mpeleke soko la samaki la Feri achague mwenyewe dagaa mchele, mrudi awapikie, na mama akae jikoni kama mwanafunzi siku hiyo. Mtu akifundisha, kicheko kinakuwa cha aina nyingine kabisa.

Kumrudisha kwao? Mwanangu, akitaka kwenda kuwaona wazazi wake mkatie tiketi ya kwenda na kurudi, ila usimrudishe kama mzigo uliokosewa anwani. Kabla ya yote mwombe msamaha kwa ile siku ya kura, kwa Kikorea, na umwambie mjomba naye mbele yake kwamba haikuwa sawa. Mtafutie na Wakorea wenzake, Dar wapo, daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 kampuni ya kwao ndo imelijenga. Kama alikuwa anafanya kazi kwao, ulizeni pia ofisi ya Kamishna wa Kazi mapema kuhusu kibali cha kazi, kukaa bila shilingi yako mwenyewe kunachosha roho.

Na siku yake ya kuzaliwa, kwao mtu anaamka na supu ya mwani, ndo hiyohiyo mama anayopewa akijifungua. Mwani wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani ni aina nyingine, haufanyi ile supu, kwa hiyo mwandikie mama yake kimyakimya atume ule mkavu, ni mwepesi hata bahasha inatosha, ukiloweka unavimba unajaa bakuli. Anza sasa, vifurushi vya kutoka kule vinachukua muda.

Shangazi