Mnajenga ukumbi wa sanaa? Anzeni na mlango wa nyuma

Kila ninapoitwa kutoa maoni kuhusu ukumbi mpya wa maonyesho, kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni picha: vioo mbele, minazi imepangwa mstari, watu wamependeza wanashuka kwenye magari. Mimi ni fundi wa jukwaa. Nimefunga taa na kubeba spika Dar, Bagamoyo na Ngome Kongwe kule Unguja, kwa hiyo picha naipita haraka, nauliza: lori la vyombo linashushia wapi mzigo?

Mara nyingi naambiwa hilo litaangaliwa baadaye. Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, umetiwa marumaru mpaka chooni, ila spika tunazipitishia mlango wa wageni, tunazipandisha ngazi, tunakata kona kwenye dirisha la tiketi. Kila boksi watu wanne. Asubuhi nzima inaishia hapo, na anayeilipia ni mwenye onyesho. Mlango wa mzigo uwe mpana na mrefu, sakafu yake iwe usawa mmoja na jukwaa, na lori liweze kurudi kinyumenyume hadi hapo bila kuziba barabara.

Kabla mchoraji hajashika kalamu, kaeni na watakaoutumia: vikundi vya ngoma, taarabu, maigizo, kwaya, vijana wa bongo fleva. Mahitaji yao yanagongana. Kwaya au okestra isiyotumia maikrofoni inataka sauti ikae hewani karibu sekunde 2 kabla ya kufifia. Maigizo yanataka kama sekunde 1, la sivyo maneno yanakanyagana. Muziki wa spika nao unataka ukumbi mkavu kabisa, yaani sauti ififie mara moja. Chagueni kazi moja iwe kuu, kisha wekeni mapazia mazito ya kuvuta na kufungua kwa ajili ya hizo nyingine.

Wanaodhani uamuzi huu unaweza kusubiri waangalie Jumba la Opera la Sydney, Australia. Msanifu majengo Jørn Utzon alishinda shindano la kulichora lile jengo mwaka 1957, na ukumbi mkubwa ulikusudiwa kubeba opera, yaani maigizo ya kuimbwa, na okestra pamoja. Katikati ya ujenzi ikaamuliwa ubaki wa muziki wa okestra, opera ikahamishiwa ukumbi mdogo, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Hadi linafunguliwa mwaka 1973 zilikuwa zimetumika milioni 102. Jengo zuri, silibishii. Lakini wenzetu walikuwa na bahati nasibu ya kulipia. Sisi je?

Sasa jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye ramani yoyote: moto. Jioni ya masika ngozi ya ngoma hulegea, mlio unakuwa mzito, na wapigaji hawapandi jukwaani mpaka wazikanze. Nimeona vijana wakiwasha makaratasi na nyasi kavu kwenye maegesho, hatua chache kutoka kwenye tangi la gari, huku mlinzi akiwafokea. Mlinzi alikuwa na haki yake. Ukumbi mkubwa wa chuo cha sanaa Bagamoyo uliteketea mwaka 2002, na wanaoukumbuka hawachezi na kiberiti. Dawa ni ndogo: ua wa zege nyuma ya jukwaa, mbali na ukuta, wenye paa la juu lililo wazi pembeni, bomba la maji na ndoo za mchanga. Mtaalamu wa kutoka nje hatauchora kwa sababu hakuna aliyemwambia, na wa hapa kwetu wengi wanaona aibu kuutaja.

Jukwaa lenyewe liwe la mbao juu ya fremu yenye nafasi chini, si vigae wala zege. Magoti ya wachezaji peku ndiyo yanayolipa. Paa la bati tupu likataeni: mvua ikishuka, mwigizaji hasikiki hata safu ya pili. Jenereta nayo ikae mbali.

Kisha hesabu. Andikeni bajeti ya kuuendesha miaka mitano ya mwanzo kabla ya kuchimba msingi: umeme wa viyoyozi, mishahara ya mafundi wa kudumu, taa za akiba. Ukumbi usio na fungu hilo huishi kwa harusi. Sina ugomvi na harusi, nimezifungia taa nyingi na zinalipa vizuri, ila zikinunua Jumamosi zote, maigizo yanabaki na Jumanne. Idadi ya Jumamosi za sanaa iandikwe kwenye kanuni za ukumbi, si ahadi ya meneja. Na ujengwe karibu na kituo cha daladala. Onyesho linaisha saa nne usiku, na mtazamaji anayewaza usafiri wa kurudi huondoka kabla halijaisha.

Fedha ya mwisho ya mkandarasi msiitoe haraka. Fanyeni kwanza onyesho la majaribio, ukumbi ukiwa umejaa watu, ikiwezekana siku ya mvua. Miili hufyonza sauti. Aliyepima ukumbi ukiwa na viti vitupu hajapima ukumbi mtakaoutumia.